Mahali Nyuki Wanapokunywa

Habari za kifo cha Papa Shukuru zilichelewa siku kumi na moja kunifikia, na nadhani yeye mwenyewe asingeona ajabu. Miaka yote ya kundi letu la simu la wafuga nyuki alikuwa mtu wa kuchelewa. Kijiji chake kilikuwa ndani ya msitu wa Walikale, mahali ambapo simu ilikuwa tochi na saa tu. Ili apate rezo, yaani mtandao, ilimbidi apande kilima kwa nusu siku, akae juu ya jiwe na kungoja simu itetemeke, imwage ujumbe wote wa wiki mbili au tatu. Kisha alianza na ule wa kwanza. Hakuruka hata mmoja. Mtu aliyeuliza jambo mwanzoni mwa mwezi alijibiwa na Papa Shukuru mwishoni mwa mwezi, wakati mwuliza swali ameshasahau kwamba aliuliza, na kundi lilicheka likaandika, "Papa wa Jana amefika." Juzi binti yake alishika simu hiyohiyo, akatuandikia kwamba baba ametangulia, akaomba radhi kwa kuchelewa. Nilikuwa jikoni kwangu, sufuria ikichemka. Nikaanza kurudi nyuma katika maandishi ya kundi, nikipanda miaka kwa kidole gumba, nikapita harusi za watu, picha za masega, salamu za mwaka mpya, nikapita vipindi virefu vya kimya cha wakati wa vita, mpaka nikafika mwaka ule wa Mushaki.

Nilikuwa na miaka ishirini, nina diploma ya sekondari isiyo na kazi, na shule moja ya msingi huko Mushaki ilikuwa inatafuta mtu wa kushika darasa la tatu kwa mwaka mmoja. Nilipewa chumba kwa Mama Mapendo, mwalimu wa darasa la sita, mwanamke wa miaka hamsini na kitu aliyetembea upesi kuliko mimi na kuzungumza polepole kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia. Nyumba yake ilikuwa ya mbao, kama nyumba nyingi za barabara ile ya kutoka Sake kupanda Masisi, na ubaridi uliingia katikati ya mbao kana kwamba nao ulikuwa na funguo zake. Chumba changu kilikuwa ghala kabla sijafika. Kitanda kiliwekwa kati ya mizinga miwili mitupu na gunia la samadi kavu ya ng'ombe, ile anayochoma mfugaji wa nyuki ili kupata moshi. Shuka zangu zilinukia nta. Hata leo, nikiwasha mshumaa wa nta halisi, ambao ni nadra, mwili wangu hudhani ni asubuhi, ukungu umekaa juu ya maharagwe, na Mama Mapendo anasukuma mlango kwa goti, mikono yake imeshika vikombe viwili vya chai ya maziwa.

Alikuwa na mizinga minne yenye nyuki. Hakuuza asali, labda chupa mbili kwa mwaka kwa mwanamke wa kanisani mwenye kikohozi. Siku moja tulipokuwa tunakula bugali na lengalenga, mchicha wa huko, nilimwuliza kwa nini anajichosha na wadudu wanaomchoma, naye alitafuna kwanza, akameza, ndipo akajibu. "Watoto Mungu alinipatia. Shamba wazee wa bwana yangu walinipatia. Kazi Leta, serikali, ilinipatia. Nyuki njo kitu nilitafuta miye mwenyewe." Kisha akaniomba nimpe chumvi. Nilikuwa na umri wa kudhani kwamba watu wazima wote wanapenda walichopewa, na jibu lile lilinikaa kichwani wiki nzima.

Macho yake hayakuona tena herufi ndogo za simu. Ndivyo kazi yangu ya pili ilivyoanza. Kila jioni, tukiwa tunambua maharagwe au tunamenya viazi, nilimsomea kundi. Lilikuwa na watu kama arobaini, wa Masisi na Walikale, wote watu waliofuga nyuki kwa kupenda tu: mwalimu, muuguzi, padri mmoja, wakulima. Msimamizi aliitwa Kaka Olivier, fundi wa pikipiki pale Kitshanga, ambaye alikuwa na mizinga mitatu nyuma ya karakana yake na ndimi mbili kinywani, moja ya utani na moja ya amri. Alipenda utaratibu. Sheria za kundi aliziandika yeye, na ya tatu ilisema kwamba swali lililojibiwa halirudishwi. Atakayelirudisha atatumwa "huko juu" akalitafute. Mtu akikosea, Olivier hakubishana naye. Alimtumia picha ya kufuli.

Mwezi wa kumi na moja, maharagwe ya msimu wa kwanza yalipochanua na mlima wote ukawa na madoadoa meupe na ya zambarau, mzinga mmoja ukawa mtupu. Nilikuwa nimempelekea Mama Mapendo koti lake la mvua na chandarua alichojishonea cha kuficha uso. Alifungua kifuniko, akachungulia. Masega yalikuwa mahali pake, mazuri, mengine yana asali. Nyuki hawakuwepo. Walibaki wachache, labda ishirini, wakitembea juu ya nta kama watu waliosahaulika sokoni. "Kila mara maharagwe ikichanua," alisema. "Kila mara. Wakati chakula iko mingi, njo zinaenda." Aliufunga mzinga kwa upole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Jioni ile hakutaka nimsomee kundi. Alisema imebaki mizinga mitatu, na kwamba kama nyuki wangeondoka tena katika maharagwe ya pili, yale ya mwezi wa nne, mizinga yote ingekuwa kuni. "Sitaki tena kuwa mujinga mbele ya nyuki," alisema. Sikuwa namfahamu siku nyingi, lakini nilishajua kwamba neno lake halirudi nyuma.

Basi nikafanya kosa la mtu mwenye huruma na haraka. Kesho yake, wakati yeye bado yuko darasani na la tatu limeshatoka, nilichukua simu na kuuliza katika kundi, kwa jina lake, maana simu ilikuwa yake: kwa nini nyuki wangu wanaondoka kila maharagwe yakichanua, wakati masega na asali vimebaki? Nilidhani nitampelekea jibu jioni pamoja na chakula, kama zawadi. Olivier akajibu kabla sijaweka simu chini. "Mama Mapendo, hii swali yako tulishajibu, miaka mbili sasa. Siafu na upepo. Uzee iko naanza?" Ikafuata picha ya kufuli. Kisha vicheko, nyuso ndogo za njano zinazolia machozi ya kicheko, moja, tano, kumi. Mtu mmoja akamshauri anywe asali yake mwenyewe, inasaidia kumbukumbu.

Nilifuta nilichoweza kufuta, lakini kundi halifutiki. Siku ya soko muuguzi mmoja wa kundi alimkuta Mama Mapendo kwenye vitunguu, akamuuliza kwa upole mwingi kama analala vizuri. Alirudi nyumbani na kikapu nusu. "Nani aliandika?" Nikasema ni mimi. "Kwa jina ya nani?" Nikasema kwa jina lake. Aliketi, akavua viatu vyake vya soko, akavipanga vizuri chini ya benchi. "Sasa nimekuwa muzee mbele ya batu wa Kitshanga," alisema. Simu ikakaa chumbani kwake siku sita. Tulikula, tulisali, tulienda shule, tukarudi, na asiyetujua angesema nyumba ile ina amani.

Siku ya saba alikuja jikoni na simu, akaiweka juu ya ungo wa maharagwe. "Soma," alisema. "Tangu mwanzo. Tangu siku ya kwanza ya hii kundi. Nataka nione kama kweli niliuliza, na nilisema nini. Kama niko muzee, nijue." Nafikiri alitaka kuhakikisha heshima yake. Mimi nilifurahi tu kwamba ananisemesha. Tukaanza. Ilituchukua jioni nyingi, kupita Noeli na mwaka mpya, maharagwe ya msimu yakigeuka mbegu ya msimu mwingine mikononi mwetu, moshi wa mafiga ukitutoa machozi kila mara.

Nimesoma vitabu vingi tangu wakati ule, lakini sijui kama nimewahi kusoma kitu kwa udadisi kama nilivyosoma maongezi yale ya zamani ya watu wasiojuana sura. Ulipoyasoma kwa mfululizo uliona yasiyoonekana siku kwa siku. Uliona kwamba aliyejibu kwa sauti kubwa mwaka wa kwanza aliuliza swali hilohilo mwaka wa pili, kwa maneno mengine, kwa aibu. Uliona majibu yaliyopata vidole gumba ishirini na hakuna aliyerudi kusema kama dawa ilifanya kazi. Mama Mapendo aliyafuata kama anavyosahihisha daftari. "Huyu alisema aweke majivu. Aliweka? Sogea chini, tuone kama aliweka." Nikasogea chini. Hakusema. "Voilà," akasema Mama Mapendo. "Kila muntu anapewa jibu, hakuna anayeulizwa habari ya jibu."

Swali lake tulilikuta. Lilikuwa la miaka miwili nyuma, limeandikwa na mwanafunzi wake wa zamani aliyekuwa akimsomea kabla yangu, na lilikuwa kama nilivyouliza mimi, karibu neno kwa neno. Olivier alijibu siku ileile: siafu wanapanda miguu ya mizinga, na upepo wa mvua unapiga mlangoni, paka oili chafu ya injini kwenye miguu, hamisha mizinga mahali penye kinga. Vidole gumba. Kufuli. Mama Mapendo alikumbuka yote. Alipaka oili. Akahamisha mizinga kutoka nyuma ya choo akaipanga chini ya mikaratusi ya uzio wa Papa Safari, jirani mwenye ng'ombe, chini kidogo ya barabara, mahali pasipo na upepo. "Na ikawa aje?" niliuliza. Akafikiri. "Mwaka ule wa oili ziliondoka mizinga miwili. Mbele ya oili ilikuwa moja." Tukatazamana. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba baada ya jibu hali ilizidi kuwa mbaya, kwa sababu swali lilikuwa limefungwa.

Ningeishia hapo, lakini yeye alisema nisogee chini zaidi. Siku kumi na tano chini zaidi, katikati ya maongezi marefu ya watu wanaosifia picha ya pikipiki mpya ya padri, kulikuwa na mstari mmoja wa Papa Shukuru ambao haukuwa na uhusiano na chochote kilichoandikwa juu yake wala chini yake. "Mama, nyuki zako ziko nakunywa maji wapi?" Hakuna aliyemjibu. Mtu mmoja aliweka uso wa kicheko. Baada yake padri anawashukuru wote kwa pongezi.

"Nilisikia hii," Mama Mapendo alisema, akishangaa mwenyewe. "Yule mutoto alinisomea. Nilicheka." Nikamwuliza kwa nini. "Sifa," akaniita kwa jina langu, "angalia inje." Nje ilikuwa inanyesha, kama jana, kama juzi. "Mushaki maji iko kila fasi. Nilisema, huyu papa wa mu pori ananiuliza kama ng'ombe iko na mukia." Aliacha mikono yake ndani ya maharagwe. Ndivyo tulivyo sisi watu wa milima ile. Mvua inatunyeshea tangu tumboni, tope liko mpaka ndani ya daftari za watoto, na mtu akikuuliza maji yako wapi unadhani anakutania. Mama Mapendo alikuwa mwerevu kuliko wote niliowajua, na swali lile lilimpita kwa sababu lilikuwa rahisi mno. Kisha akasema, "Zinakunywa kwa Papa Safari. Ku chumvi."

Wafugaji wa huko wana birika la udongo wanalolifinyanga ardhini kwa mikono, wanaliita kibumbiro, na siku zao za kunywesha ng'ombe wanalijaza maji na kutia chumvi. Ng'ombe wanalipenda, na nyuki, kumbe, wanapenda lile tope lililo chini yake, mahali maji ya chumvi yanapomwagikia. Alishawaona mara nyingi, wamejipanga ukingoni mwa tope, mamia, mikia juu, wakinyonya. Alifurahi alipowaona. Ilikuwa sababu mojawapo ya kuchagua mikaratusi ile. Akaniambia nimjibu Papa Shukuru. Niliogopa kufuli, nikauliza kama nimwandikie pembeni. "Hapana. Andika palepale, chini ya swali yake. Yeye aliniuliza mbele ya batu." Basi nikaandika, miaka miwili baadaye: Papa Shukuru, zinakunywa kwenye tope la kibumbiro cha jirani. Olivier hakutuma kufuli. Nadhani hakujua aliweke wapi.

Tulingoja wiki tatu. Siku moja, nimetoka shule, tukakuta odio ya Papa Shukuru, ujumbe wa sauti, maana kuandika kulimchosha. Kwanza ilisikika pumzi ya mtu aliyepanda, kisha ndege, kisha sauti nyembamba iliyotulia. "Mama Mapendo, salamu. Ni Shukuru. Niko juu ya kilima. Nimepata jibu yako, aksanti. Sasa sikia. Sisi huku, nyuki ikikimbia hatuchunguze nyumba. Tunafuata njia. Kamata unga ya muhogo, kidogo, kama chumvi ya kutia mu mboga. Uende fasi zinakunywa, umwange polepole juu yao. Muntu mwingine akae ku muzinga, aone kama nyeupe zinarudi. Fanya siku mingi, Mama. Siku moja inadanganyaka." Ndege tena. "Na uniambie utaona nini. Miye pia sijue." Mama Mapendo aliniomba niirudie odio mara tatu. Mara ya tatu nilimwona anatabasamu mwishoni kabisa, pale penye sijue.

Likizo ya Pasaka iliangukia katikati ya maua ya maharagwe ya pili. Mizinga mitatu ilikuwa bado na nyuki, na kila asubuhi Mama Mapendo aliiwekea sikio kabla ya kunywa chai. Tulinunua unga wa muhogo, ule unaopanda kutoka Walikale kwa magari, mweupe kuliko wa kwetu. Mimi nilikaa kwenye tope, yeye kwenye kigoda chini ya mikaratusi, hatua kama sitini juu yangu. Nilichukua unga kwa ncha za vidole, nikaunyunyiza, na nyuki waliokuwa wananyonya wakawa weupe ghafla, kama maharusi, kama watu wadogo waliotoka kinuni. Wakaruka. Nikainua mkono. Juu kule, baada ya muda mfupi sana, Mama Mapendo naye akainua mkono: nyeupe imefika. Nyingine. Nyingine. Sikuwa nimewahi kuona furaha ya namna ile kwa mtu mzima, furaha ya kuona tu.

Papa Safari alipita na fimbo yake, akasimama kututazama. Alikuwa mtu mrefu, mwenye koti kubwa na utani mkavu. "Mama Mwalimu, sasa munalisha udongo?"

"Tunalisha, Papa Safari. Yako iko na njaa."

"Na huyu binti alisoma mpaka diploma kwa kumwanga unga mu matope?"

"Ungemuona mwenye alifika universite," Mama Mapendo akamwambia. "Angemwanga gunia muzima." Akaondoka akicheka, na ng'ombe wake nyuma yake.

Siku ya kwanza walirudi, ya pili wakarudi, ya tatu pia. Nilianza kufikiri kwamba Papa Shukuru alikosea, na nilimhurumia Mama Mapendo kwa sababu ya matumaini yake. Siku ya ine, ndiyo Alhamisi kwetu, tulichelewa kufika kwa sababu ya mvua. Papa Safari alikuwa ameshamaliza kupuliza dawa ya kupe. Wakati wa mvua kupe wanakuwa wengi, na kila siku ya ine alipuliza ng'ombe wote kwa pompi ya mgongoni, kiangazi hakuhitaji. Nilimkuta anasuuza pompi. Hakusuuzia ndani ya birika, ng'ombe wangekunywa. Alikuwa mtu makini. Alisuuzia chini yake, mahali maji yanapomwagikia, pale ambapo hakuna ng'ombe anayetia mdomo. Alinisalimu, akaenda zake. Nyuki wakarudi kwenye tope. Nikawanyunyizia unga, nikainua mkono.

Mama Mapendo hakuinua wake. Nikanyunyizia tena. Nilimwona amesimama kwenye kigoda, anatazama huku na huku. Nikaanza kupanda kumfuata, na katikati ya njia, kwenye majani mafupi ya malisho, nikakuta nyuki mweupe wa kwanza. Alikuwa amelala chali, anazunguka, ulimi wake umetoka nje kama uzi. Hatua mbili mbele, mwingine. Nilipiga magoti. Walikuwa wengi, wenye unga na wasio na unga, kwenye mstari ulionyooka kutoka tope mpaka mikaratusi. Mama Mapendo alishuka, akapiga magoti upande wa pili wa mstari. Hakulia. Alimchukua mmoja kwenye kiganja, akamsogeza karibu na macho yake mabovu. "Njo kusema hazikukimbia," alisema. "Zile za inje zilikufa, zikabaki za ndani. Na za ndani zikaona hakuna mwenye anarudi." Baadaye akasema, kwa sauti ya chini zaidi, "Na miye njo nilizileta hapa karibu."

Alikwenda mwenyewe kwa Papa Safari, jioni ileile, nami nyuma yake. Nilikuwa na hofu. Mambo ya ng'ombe na mashamba huko kwetu hayasemwi ovyo; ugomvi mdogo wa uzio unaweza kukua ukawazidi wenyewe. Tulikaribishwa maziwa. Alinywa kikombe chote kwanza. Kisha akasema, "Papa Safari, sikuje kukushitaki. Nimekuja kukuonyesha kitu," akafungua kitambaa chenye nyuki weupe. Akaeleza kuanzia maharagwe ya miaka yote. Papa Safari alisikiliza, akamgusa nyuki mmoja kwa kucha. "Miaka yote hii," alisema, "nilikuwa nasuuza pale juu ya kulinda ng'ombe." "Najua." "Na wewe ulikuwa unaniletea asali ya Noeli." "Ndiyo." Akaangalia moto. "Nitachimba tundu ngambo ingine, kule hakuna kitu inakunywa. Kesho." Alichimba kesho yake, na Mama Mapendo akaweka beseni lenye kokoto na maji ya chumvi chini ya mikaratusi, ili nyuki wasiwe na sababu ya kushuka mpaka tope la zamani lioshwe na mvua.

Mzinga mmoja tuliupoteza hata hivyo, wiki ileile. Ulikuwa umeshadhurika mno. Wa pili ulisinyaa, ukabaki na ngurumo ndogo kama ya mtu anayeota. Tuliishi kwa kusikiliza. Niliporudi darasani nilijikuta nawapa watoto wa la tatu mazoezi marefu ya hesabu kila asubuhi, maana akili yangu ilikuwa kwenye mikaratusi. Maua ya maharagwe yalianguka, maganda yakatokea, yakajaa, yakaanza kukauka, na mizinga miwili ilikuwa bado inanguruma. Siku waliyong'oa maharagwe ya kwanza mlimani, Mama Mapendo aliweka sikio asubuhi, akaja jikoni, akanywa chai yake yote. "Leta simu," alisema.

Aliniambia niandike palepale, chini ya swali la zamani, na niandike kila kitu: kwamba kosa halikuwa la siafu, kwamba kuhamisha mizinga kulizidisha, kwamba Papa Shukuru aliuliza vizuri na yeye akacheka. Nilipofika kwenye kucheka nilisita. "Andika," akasema. Kundi lilinyamaza siku mbili. Siku ya tatu tulisikia pikipiki, na kijana mfupi mwenye mikono myeusi ya oili akashuka akiwa amelowa. Alikuwa Kaka Olivier, ambaye sikuwa nimewahi kumwona. Katika kundi nilidhani ni mtu mkubwa. Alisimama mlangoni, kofia mikononi. "Mama, nilijibu mbio," alisema. "Siku ile client alikuwa mbele yangu, injini iko wazi. Niliona swali, nikasema siafu."

"Na kufuli?" Mama Mapendo akamwuliza.

"Kufuli nilikuwa napenda tu picha yake."

Mama Mapendo alicheka mpaka akashika mlango. Akampa maharagwe na viazi, akampeleka kwenye tope. Olivier aliinama pale muda mrefu, akauliza maswali mengi kuliko niliyowahi kumsoma akiuliza. Alipoondoka aliifuta sheria ya tatu, na badala yake akaandika kwamba anayepata jibu sharti arudi kusema lilimfanyia nini. Papa Shukuru aliipata habari hiyo nusu ya mwezi baadaye, akatuma odio fupi: "Mizinga mbili imebaki? Bien. Miye huku moja imekimbia. Niulizeni kitu."

Mwaka wa shule uliisha, mwalimu niliyemshikia darasa la tatu akarudi, na kiangazi kikaanza kukausha hata Mushaki. Asubuhi ya kuondoka kwangu, sanduku likiwa limeshafungwa kwenye pikipiki, ujumbe wa Olivier ukaingia chini ya swali lilelile. Aliuliza: Mama, sasa kibumbiro iko imekauka na beseni unasema hazigusi tena, nyuki zinakunywa wapi? Nilimsomea. Alikuwa na kikombe mkononi, ananiaga. Akatazama mikaratusi, akatazama bonde. "Andika, sijui," alisema. Nikaandika. Alinikumbatia, akanitengenezea kola ya koti kama mtoto wa la tatu, akasema nisalimie wote. Tulipofika kwenye kona ya pili ya barabara nilimwona, ameshatangulia kwa njia ya mkato, yumo mtaroni, sketi ameikunja magotini, ameinama juu ya kipande cha udongo kilicholowa, akitafuta nyuki. Dereva akapiga honi kwa ajili yangu. Mama Mapendo aliinua kiganja bila kuinua kichwa, kama anavyofanya darasani mtoto akiwa katikati ya kusoma na wengine wanaanza kelele, na dereva, sijui kwa nini, akazima injini, tukateremka kimyakimya mpaka tukampita.